Mwanangu amepata timu Ujerumani, baba yake anamtaka ofisini

Mshauri mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Minnesota, ambako mimi na mume wangu tumeishi tangu tulipotoka Kenya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu imegawanyika, na kila mmoja anataka nimuunge mkono dhidi ya mwenzake.

Kifungua mimba wetu alizaliwa hapa mwaka 2003, na mpira wa kikapu ameucheza tangu shule ya msingi. Chuo kikuu kimoja cha daraja la kwanza, ingawa si kati ya vile vinavyoonyeshwa kwenye televisheni kila wiki, kilimpa ufadhili wa masomo, na Mei iliyopita alihitimu shahada ya uhasibu akiwa amemaliza miaka yote anayoruhusiwa kuchezea chuo. Msimu wa mwisho alikuwa nahodha. Drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya, ilipita bila jina lake kutajwa, na hakuna timu iliyomwita kwenye michuano ya majira ya joto kule Las Vegas. Tangu wakati huo, kila Jumapili tukitoka kanisani kuna mtu anayeuliza NBA ni lini, naye anainamisha kichwa na kwenda kukaa garini.

Sasa amepata mambo matatu kwa pamoja. Kampuni moja ya uhasibu ya Minneapolis imemwandikia barua ya ajira kwa mshahara wa dola 61,000 kwa mwaka, kuanzia Septemba. Klabu ya daraja la pili nchini Ujerumani imemtumia, kupitia wakala aliyependekezwa na kocha wake wa chuo, mkataba wa kurasa kumi na moja: miezi tisa, euro 2,300 kwa mwezi baada ya kodi, nyumba ya chumba kimoja, gari atakalotumia pamoja na mchezaji mwenzake, na tiketi ya kwenda na kurudi. Klabu inataka jibu kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Halafu yupo wakala wa pili, aliyemtafuta kwa Instagram, anayesema ana timu ya daraja la juu katika nchi moja ya Balkan itakayolipa dola 4,500 kwa mwezi. Huyu anadai kwanza dola 2,800 za usajili na za barua ya FIBA (shirikisho la mpira wa kikapu la dunia), na jina la klabu amesema atalitaja fedha zikishaingia. Ameongeza kwamba kwa dola nyingine 5,000 anaweza kumpatia kijana pasipoti ya nchi moja ya Afrika Magharibi katika wiki chache, ili huko Ulaya asihesabiwe kuwa mgeni.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na amewalea watoto hawa kwa kulala barabarani. Anasema mpira ulikuwa njia ya kupata shahada, shahada imepatikana, na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Anasema Ujerumani ni nchi ya soka, na kwamba kijana atarudi baada ya mwaka mmoja akiwa na goti bovu na nafasi ya kazi ikiwa imechukuliwa na mwingine. Kijana naye anasema akiingia ofisini sasa atajuta mpaka uzeeni. Kwa muda sasa hawasemezani. Akina mama wa kanisani wako tayari kutuitishia mchango wa hizo dola 2,800, kwa sababu mshahara wa Balkan unaonekana mkubwa. Je, nikubali mchango huo? Kwenda nje ya Marekani ni kazi kweli, au ni njia ya kukwepa kukiri kwamba ameshindwa?

Mama wa watoto watatu, Minnesota

*

Dada mpendwa,

Kijana aende Ujerumani. Wakala wa pili asipewe hata senti moja, na mchango huo usiitishwe. Mkataba wa Ujerumani nao usitiwe saini mpaka mambo kadhaa nitakayoyataja yawe yameandikwa humo waziwazi. Huo ndio ushauri wangu, na sababu zake ni hizi.

Nianze na hilo la kushindwa, kwa maana naona ndilo linalowaumiza nyote watatu. NBA ina timu 30. Kila timu ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida na nyingine tatu za wachezaji wanaogawana muda kati ya NBA na ligi yake ndogo, kwa hiyo dunia nzima inagombea nafasi 540, na nyingi kati ya hizo zina wenyewe kwa miaka kadhaa mbele. Vyuo vikuu vya daraja la kwanza nchini Marekani peke yake vinazidi 350, na kila kimoja kina wachezaji zaidi ya kumi; drafti huchukua majina yasiyozidi 60 kwa mwaka, na baadhi ya majina hayo ni ya vijana wa Ufaransa, Serbia au Australia. Nahodha wa timu ya chuo ambaye hakuchaguliwa, kisha klabu ya nchi nyingine ikamtumia mkataba, amepata kazi katika fani aliyoifanyia mazoezi tangu utotoni. Wanaomuuliza NBA ni lini wanaijua ligi moja tu, na si haki kijana apimwe kwa kadiri ya ligi wanazozijua wao.

Mume wako anasema Ujerumani ni nchi ya soka. Ni kweli kwamba soka ndiyo inayopendwa zaidi huko, lakini timu ya taifa ya Ujerumani ndiyo iliyotwaa Kombe la Dunia la mpira wa kikapu mwaka 2023 mjini Manila, baada ya kuitoa Marekani katika nusu fainali. Kijana haendi mahali ambapo mchezo wake ni wa kujifurahisha.

Mtajie baba yake jina la Kyle Hines. Huyu ni Mmarekani wa New Jersey aliyechezea chuo cha UNC Greensboro, ambacho hakimo kabisa katika orodha ya vyuo vikubwa vya kikapu. Alikuwa na urefu wa sentimita 198 na bado alicheza chini ya kikapu, mahali pa watu warefu kuliko yeye, na mwaka 2008 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Akaenda Veroli, mji mdogo wa Italia, katika daraja la pili. Mwaka 2010 akahamia Bamberg huko huko Ujerumani, kisha Olympiacos ya Ugiriki, CSKA Moscow na Olimpia Milano. Alistaafu mwaka 2024 akiwa ametwaa ubingwa wa EuroLeague, michuano mikubwa ya klabu za Ulaya, mara nne, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NBA. P.J. Tucker alipita njia nyingine: alichaguliwa mwaka 2006 katika raundi ya pili, Toronto Raptors wakamwacha kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, akazunguka Israel, Ukraine, Ugiriki, Italia na Ujerumani kwa miaka mitano, na mwaka 2012 akarudi NBA na Phoenix Suns. Mwaka 2021 alikuwa bingwa akiwa na Milwaukee Bucks.

Hata hivyo nakusihi usimwahidi mume wako kwamba mwanawe atakuwa Hines. Wamarekani wanaocheza Ulaya, Asia na Amerika ya Kusini kila msimu ni wengi mno, na sehemu kubwa yao hucheza miaka michache katika miji ambayo nyumbani hakuna aliyeisikia, kisha huacha na kuanza kazi nyingine. Ninachotaka baba aone ni kwamba hata hiyo ya kawaida ni kazi halali, yenye mwajiri, mshahara na bima, na kwamba mlango wake hufunguka mtu akiwa na miaka 22 na haufunguki tena akiwa na 27. Uhasibu unaweza kumsubiri mwaka mmoja, mwili wa mwanamichezo hauwezi.

Kwa hesabu ya fedha tu, mume wako ana hoja. Euro 2,300 kwa miezi tisa ni euro 20,700, na miezi mitatu iliyobaki haina mshahara. Ukiondoa kodi na pango katika zile dola 61,000, na ukikumbuka kwamba Ujerumani atakaa bila kulipa nyumba wala gari, pengo linapungua, lakini halifutiki. Kijana akubali hilo mbele ya baba yake kwa kinywa chake mwenyewe. Mzee atamsikiliza zaidi mtoto anayejua anachokiacha.

Sasa huyo wakala wa Instagram. Wakala anayeruhusiwa kushughulikia uhamisho wa kimataifa huwa na leseni ya FIBA, na majina ya wenye leseni yanapatikana kwenye tovuti ya shirikisho hilo. Tafuteni jina lake, na mlitafute pia la wakala wa kwanza, kwa maana kupendekezwa na kocha hakutoshi. Katika Ulaya ada ya wakala kwa kawaida ni asilimia 10 ya mshahara na hulipwa na klabu, tena baada ya mkataba kusainiwa. Barua ya FIBA anayoizungumzia ni ile ya kumruhusu mchezaji kutoka shirikisho la nchi moja kwenda la nyingine. Shirikisho la nchi anayokwenda huiomba kwa niaba ya klabu, na kwa Mmarekani anayetoka chuoni hutolewa na USA Basketball, shirikisho la kikapu la Marekani. Hiyo si bidhaa ambayo mtu binafsi anaweza kuiuza kwa dola 2,800. Mtu anayeficha jina la klabu mpaka alipwe hana klabu. Dada yangu, fedha za mchango ni jasho la watu wanaokupenda, na zikipotea mtakutana nao kila Jumapili. Waambie akina mama kwamba shida imeisha, na uwashukuru.

Kuhusu pasipoti, hapo ndipo ninapokuomba uwe mkali kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pasipoti ya kununuliwa inaweza kumfunga kijana kwa kosa la jinai na kumwondoa katika mchezo kabisa. Jambo lenyewe limetokana na ukweli fulani: ligi nyingi huweka idadi ya wageni ambao timu inaweza kuwasajili, na Hispania na Ufaransa zimekuwa zikiwahesabu tofauti wachezaji wenye uraia wa nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki zilizosaini na Umoja wa Ulaya Mkataba wa Cotonou mwaka 2000, ili wasile nafasi ya mgeni. Kwa hiyo Mmarekani mwenye pasipoti halali ya Kiafrika anaweza kutafutwa zaidi katika nchi hizo. Lakini mwanao hana haja ya kununua uraia wa watu asiowajua! Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 14, inamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu ambaye mama au baba yake alikuwa raia siku aliyozaliwa, hata kama alizaliwa nje ya nchi na kabla ya Katiba hiyo, na Katiba hiyo hiyo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Ikiwa wewe au mume wako mlikuwa bado raia wa Kenya mwaka 2003, anzeni taratibu kupitia ubalozi wa Kenya mjini Washington, kwa njia halali na bila haraka. Kwa msimu huu haitabadilisha kitu, kwani Ujerumani hesabu ni ya Wajerumani na wasio Wajerumani, na masharti ya Hispania na Ufaransa yana desturi ya kurekebishwa, kwa hiyo kabla ya kuitegemea pasipoti hiyo wakala aulize ligi husika. Iko faida nyingine ambayo mimi binafsi naiona kubwa kuliko ya nafasi za wageni, nayo ni kwamba siku moja anaweza kuitwa na Morans, timu ya taifa ya kikapu ya Kenya. Ajue tu kwamba FIBA huwawekea masharti wachezaji wa timu ya taifa waliopata uraia baada ya kutimiza miaka 16, kwa hiyo suala hilo aliulize mapema.

Tuje kwenye mkataba wenyewe, ambao ndio moyo wa barua yako ingawa umeutaja kwa sentensi moja. Ninashauri uanze kwa kuuweka mikononi mwa mume wako. Dereva wa masafa marefu amesoma mikataba ya mizigo kwa miaka mingi na anajua mahali ambapo mwajiri huficha makato. Mwambie asiusome ili aukatae, bali autafute udhaifu wake, na kijana akae naye mezani huku akimweleza maneno ya mchezo.

Jambo la kwanza la kutafuta ni kama mshahara umehakikishwa kwa msimu mzima. Mikataba mingi ya wachezaji wapya ina kipengele kinachoiruhusu klabu kumwacha mchezaji katika wiki za mwanzo, au mara baada ya vipimo vya afya. Vipimo ni haki ya klabu, lakini vifanyike katika siku chache za kwanza, na mkataba useme kwamba muda huo ukipita bila vipimo kufanywa, mchezaji anahesabiwa amefaulu. Kusiwe na ruhusa ya kumwacha kwa sababu ya kiwango chake uwanjani. Mgeni Ulaya hapewi muda mrefu wa kujifunza kama alivyopewa chuoni; analetwa ili afunge na kuzuia tangu mechi ya kwanza, na timu ikipoteza mechi tatu mfululizo macho yote humgeukia yeye. Wakati huo mkataba uliohakikishwa ndio unaomkinga asipandishwe ndege ya kurudi mwezi Novemba bila chochote.

Jambo la pili ni tarehe ya malipo na kinachotokea ikipita. Paandikwe kwamba mshahara ukichelewa kwa muda fulani, tuseme siku 30, mchezaji ana haki ya kuondoka na barua yake ya ruhusa huku klabu ikibaki na deni la msimu mzima. La tatu ni majeraha: akiumia mazoezini au mechini, mshahara uendelee, matibabu yawe juu ya klabu, na asilazimike kuhama nyumba. Hapa Ujerumani ina nafuu ambayo nchi nyingi hazina, kwa kuwa mchezaji wa kulipwa anahesabiwa mfanyakazi na yumo katika bima ya ajali kazini inayolipiwa na mwajiri. Sheria ya huko pia haitoi kibali cha ukaazi kwa mwanamichezo wa kulipwa isipokuwa mshahara wake ghafi unafikia kiwango kilichowekwa na shirikisho la mchezo limethibitisha uwezo wake, jambo linalozuia klabu kuleta vijana na kuwalipa posho ya chakula. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya niipende ofa hiyo ndogo kuliko ile kubwa isiyo na jina.

Jambo la nne huwa kwenye ukurasa wa mwisho, katika maandishi ambayo watu huyaruka. Atafute kipengele kinachosema kwamba migogoro itaamuliwa na Basketball Arbitral Tribunal. Hiki ni chombo cha usuluhishi chenye makao Geneva, kilichoanzishwa na FIBA mwaka 2007 kwa jina jingine kidogo, na kinaendesha mashauri kwa Kiingereza, mara nyingi kwa maandishi tu, bila mchezaji kusafiri. Klabu isiyotekeleza uamuzi wake inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji wapya, na hilo huziuma klabu kuliko faini. Kipengele hicho kisipokuwemo, chombo hicho hakina mamlaka juu ya mkataba. Kijana aombe kiongezwe, kwa adabu na kwa barua pepe.

Aulize pia kama mkataba unamruhusu kuondoka iwapo timu ya NBA itamtaka katikati ya msimu, na kwa malipo gani. Najua hilo linaonekana mbali leo. Lakini mwaka 2011, NBA ilipokuwa imesimama kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, J.R. Smith, Wilson Chandler na Kenyon Martin walisaini katika ligi ya China ambayo haikukubali kipengele hicho, na NBA iliporejea Desemba walibaki kusubiri huku wenzao wakiwa uwanjani.

Kwa upande wa kodi, shahada ya uhasibu ya kijana ianze kufanya kazi. Raia wa Marekani hutoa taarifa ya kodi ya mapato yake popote alipo duniani. Wengi husikia kwamba mapato ya nje yanasamehewa hadi dola 130,000 kwa mwaka 2025, wakaridhika, bila kujua kwamba sharti linalotumika zaidi ni kukaa nje siku 330 kamili katika miezi kumi na miwili inayofuatana. Mchezaji anayeondoka Agosti na kurudi Mei hafikishi siku hizo. Njia yake basi ni kudai nafuu ya kodi aliyokwisha kulipiwa Ujerumani, na kwa hilo anahitaji cheti rasmi cha kodi kutoka klabu. Mkataba wake unasema mshahara ni baada ya kodi. Uongezewe sentensi kwamba klabu itampa cheti hicho kila mwaka. Akifungua akaunti za benki huko na jumla yake ikavuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anapaswa kuitolea taarifa Wizara ya Fedha ya Marekani. Nanyi msimwondoe kwenye bima yenu ya afya ya Marekani, kwani sheria inamruhusu kubaki humo hadi afikishe miaka 26, na miezi ya kiangazi atakuwa nyumbani bila bima ya klabu.

Kuna jambo la mizigo ambalo kama mama unaweza kulisimamia wewe mwenyewe. Tangu mwaka 2023 bangi ni halali kwa watu wazima huko Minnesota, na mafuta na peremende zake zinauzwa dukani kama kawaida. Lipekue begi pamoja naye kabla ya safari. Brittney Griner, mchezaji mkubwa wa Marekani aliyekuwa akichezea klabu ya Ekaterinburg, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege karibu na Moscow Februari 2022 kwa sababu ya mafuta ya bangi kwenye mzigo wake, akahukumiwa miaka tisa, na akaachiwa Desemba mwaka huo kwa kubadilishana wafungwa. Ujerumani si Urusi, lakini kuvusha kitu hicho mpakani ni kosa huko pia. Na dawa yoyote anayotumia, hata ya mafua au ya kujenga misuli, aikague dhidi ya orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni kabla ya kuimeza.

Maisha yenyewe yatakuwa ya upweke kuliko anavyodhani, na sipendi aende bila kuambiwa. Katika daraja la pili mechi ni moja kwa wiki na mazoezi mara nyingi ni mawili kwa siku, asubuhi na jioni, na kati ya hayo kuna saa nyingi za kukaa peke yake chumbani. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, kwa hiyo mchezaji aliyerudi usiku wa Jumamosi kutoka mechi ya ugenini bila kununua chakula hukuta jokofu tupu na mji mzima umelala. Mfundishe kupika ugali na mboga ambazo zitamfikisha Jumatatu. Muda wa Ujerumani uko mbele ya Minnesota kwa saa saba. Mechi ikiisha saa nne usiku kwake, kwenu ni saa tisa alasiri, na baba yake anaweza kuwa amesimama kituo cha malori. Hiyo ni saa nzuri ya kupigiana simu, na ningependa simu ya kwanza itoke kwa mzee. Ukimya wao wa sasa ukisafiri mpaka Ulaya utakuwa mzito maradufu, na mtoto mwenye huzuni hucheza vibaya, anaumia kwa urahisi na hukubali ushauri wa kila anayemtafuta kwa simu.

Saa hizo za mchana zina matumizi mengine pia. Bill Bradley, aliyekuwa akisoma Oxford, alisafiri kwenda kuichezea klabu ya Milano msimu wa 1965/66 na akawa bingwa wa Ulaya. Baadaye alichezea New York Knicks, kisha akawa seneta wa New Jersey kuanzia 1979 hadi 1997. Simtaji ili kijana awe seneta. Nataka mume wako aone kwamba kalamu na mpira viliwahi kukaa katika mkoba mmoja. Kijana achukue vitabu vya maandalizi ya mtihani wa CPA, ule wa leseni ya uhasibu, asome saa mbili kila mchana, na awe na kitu cha kuionyesha kampuni atakaporudi.

Kampuni hiyo ya Minneapolis isiachwe kwa ukimya. Kijana awaandikie wiki hii, awashukuru, awaeleze kwamba amepata mkataba wa msimu mmoja, na aombe tarehe ya kuanza isogezwe hadi Septemba ya mwaka ujao. Wanaweza kukataa, na akikataliwa atakuwa ameondoka kwa heshima na jina lake halijachafuka. Maombi ya namna hii hukubaliwa mara nyingi kuliko wazazi wanavyofikiri, hasa mtu anapotaja jambo la kweli na tarehe ya kweli.

Mwisho, mkae nyote watatu kabla hajasafiri na mkubaliane ni lini jambo hili litaangaliwa upya, na kwa vipimo vipi. Mimi ningeweka Mei, msimu ukiwa umeisha. Aulizwe kama alilipwa kila mwezi kwa wakati, kama alicheza dakika za kutosha kuwa na mkanda wa video wa kuonyesha klabu nyingine, kama mwili wake ni mzima, na kama mwenyewe bado anautaka mchezo. Ikiwa kufikia mwisho wa Julai hakuna klabu iliyompa mkataba ulio bora kuliko huu wa sasa, aingie ofisini akiwa na umri wa miaka 23, na mume wako akubali leo hii kwamba siku hiyo ikifika hatamkumbusha kijana hata mara moja kuhusu mwaka uliopita.